Watoto si sababu ya kunyimwa nyumba

Kuna mwandishi anayedai kwamba sheria ya makazi ya Marekani ya 1968 inamkinga mpangaji dhidi ya ubaguzi wa rangi tu, kwa hiyo mwenye nyumba asiyetaka watoto hana kosa. Si kweli. Mwaka 1988 sheria hiyo iliongezewa familia zenye watoto chini ya miaka 18, pamoja na watu wenye ulemavu. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukafikia jimbo la Ohio na watoto wanne. Kwenye simu tuliambiwa ghorofa ya juu iko wazi. Msimamizi alipowaona watoto akasema tungoje ya chini, eti huko juu watapiga kelele. Tukaondoka kimya tukidhani ni haki yake. Kumbe hata kukupangia ghorofa kwa sababu ya watoto ni ubaguzi! Yapo majengo ya wazee yanayoruhusiwa kukataa watoto, lakini lile halikuwa mojawapo. Malalamiko hupelekwa HUD, wizara ya nyumba, ndani ya mwaka mmoja, bila malipo. Inaniuma kwamba tulichelewa kujua. Kuna aliyewahi kulalamika huko kwa msaada wa mkalimani wa Kiswahili? Ilikuwaje?