Kazi ya kusema na watoto tumeiona ndogo

Mwishoni mwa Julai 2022 niliingia zamu ya mchana nikamkuta sista wa wodi yetu kwenye chumba cha chai, kikombe kimepoa mbele yake, macho mekundu. Nikajua tumepoteza mgonjwa. Akasema hapana, Bernard Cribbins amefariki. Jina sikulijua. Akanieleza kwamba ni mzee aliyekuwa akisoma hadithi kwenye kipindi cha Jackanory cha BBC, tena ndiye sauti ya Wombles, vile viumbe vya manyoya vilivyookota taka za watu pale Wimbledon na kuzigeuza vitu vya maana. Amekufa na miaka 93. "Mama alikuwa anashinda kiwandani," akaniambia. "Nikirudi shule, huyu ndiye aliyekuwa akisema na mimi." Huyu ni mama mwenye wajukuu, ambaye nimemwona akiandaa maiti saa tisa za usiku bila mkono kutetemeka.

Niliondoka kazini na maneno yale. Nimeishi Uingereza tangu 2006, na kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa wale wanaosema Wazungu hawalei, wanalelewa na televisheni. Tunayasema sana haya kwenye shughuli zetu za ughaibuni, sahani ya pilau mkononi. Lakini hiyo televisheni yenyewe sikuwahi kukaa nikaitazama. Basi nikaanza kutafuta vipindi vya zamani, nikiwa na binti yangu wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitano.

Tulianza na Play School. Kipindi hiki kilianza Aprili 1964 na kikadumu mpaka 1988. Hakina mbwembwe. Chumba kimoja, watangazaji wawili, saa kubwa, wanasesere wachache na dubu wawili, mkubwa na mdogo. Halafu kuna madirisha: la duara, la mraba, na lenye tao. Mtangazaji anamwuliza mtoto leo tutachungulia dirisha gani, kisha ananyamaza. Kweli ananyamaza, anamsubiri mtoto ajibu. Binti yangu akapiga kelele, "La duara!" Kamera ikasogea polepole hadi dirishani, na nyuma yake kukawa na filamu fupi ya watu wakifanya kazi zao za kawaida. Likitokea dirisha alilolitaja, alikuwa akinigeukia kana kwamba yule mtu amemsikia.

Mmoja wa watangazaji hao, Brian Cant, aliwahi kusimulia jinsi alivyofanyiwa usaili. Aliambiwa aingie kwenye boksi tupu la karatasi ngumu, ajifanye yuko baharini anapiga kasia. Akaingia, akapiga kasia, na hata akavua kitu huko baharini. Wakampa kazi. Nilipoisikia habari hiyo niliwakumbuka kaka zangu Morogoro na gari lao la boksi, matairi yamekatwa kwenye malapa yaliyokatika. Mtu mzima anayeweza kuingia kwenye boksi na kuamini kwamba ni chombo ana kipawa, na wale mabosi walijua wanatafuta nini.

Kwetu sisi tuliohamia, wa kumtazama zaidi ni Floella Benjamin. Alizaliwa Trinidad mwaka 1949, akaletwa Uingereza 1960 akiwa na miaka kumi, na amesimulia mwenyewe matusi ya rangi aliyokutana nayo barabarani na shuleni. Mwaka 1976 akaingia Play School na nywele zake za kusuka zenye shanga. Alipoona picha za hadithi zina nyuso nyeupe tupu, aliuliza kwa nini, akataka waonekane na watoto wa rangi nyingine. Watoto wa Kizungu wa nchi nzima wakakua wakimwona mwanamke mweusi akiwatabasamia sebuleni kwao. Leo ni mjumbe wa House of Lords, bunge la juu la Uingereza, na Mei 2023, Mfalme Charles alipotawazwa, ndiye aliyetembea mbele ya watu akiwa ameibeba fimbo ya enzi yenye njiwa. Siku ile nilikuwa zamu. Wagonjwa walimnyooshea kidole kwenye televisheni ya wodi wakamwita kwa jina lake la kwanza, kama mtu anavyomwita shangazi.

Sitaki mtu adhani kila kitu kilikuwa dhahabu. BBC wenyewe walifuta kanda nyingi za miaka ile, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na ziliweza kurekodiwa tena, zilizofutwa hazirudi. Lakini tazama walichothamini. Bagpuss, paka wa kitambaa mwenye mistari ya waridi, alitengenezwa na Oliver Postgate na Peter Firmin katika zizi la zamani la ng'ombe huko Kent, na vipindi vyake vyote ni 13 tu, vya mwaka 1974. Kumi na tatu! Mwaka 1999 watazamaji wa BBC walipoulizwa kipindi cha watoto wanachokipenda kuliko vyote, wakamchagua yeye. Na alipofariki Tony Hart, mchoraji aliyewafundisha watoto kuchora, mwaka 2009, watu wazima walikusanyika nje ya jumba la sanaa la Tate Modern jijini London, kila mmoja na kijisanamu cha udongo alichokifinyanga mwenyewe, wakavipanga chini kwa safu.

Sisi tulikuwa na nini? Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar ndio walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Nyumbani kwetu kulikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka tunazianika juani ili zitufikishe jioni. Lakini kwenye redio ile alikuwamo Deborah Mwenda wa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kipindi chake cha Mama na Mwana. Kikianza, mchezo wa rede unavunjika. Tunakaa mkekani, watoto wa kwetu na wa jirani, na anayekohoa anafinywa. Nimejua baadaye kwamba Waingereza nao, kabla ya televisheni kuenea, walikuwa na kipindi kama hicho redioni tangu 1950, Listen with Mother, ambamo msimulizi humwuliza kwanza mtoto kama amekaa vizuri ndipo aanze. Bibi zetu walijua hilo zamani. Ukisema "Hadithi, hadithi," husogei hatua mpaka watoto wakujibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wasipojibu, hakuna hadithi.

Kwa hiyo wenzangu wanaponiambia sisi tuna bibi na wao wana televisheni, siku hizi nabisha. Bibi yuko Morogoro au Bukoba. Mjukuu yuko Dar, kwenye nyumba ya kupanga, dada wa kazi anafua, na mtoto amepewa simu ili atulie, anatazama chochote kinachojileta. Shirika la Ubongo la pale Dar wanafanya kazi nzuri sana ya katuni za Kiswahili, Akili and Me na Ubongo Kids, na nawaombea wadumu. Ila katuni haizeeki na mtoto. Ninachowaonea wivu Waingereza ni ule uso wa mtu mzima, mmoja, anayerudi kila siku kwa miaka ishirini, ambaye akikutana na mtu wa miaka hamsini sokoni, mtu huyo anatokwa na machozi. Sisi watangazaji wa mpira tunawajua kwa majina, wa taarabu, wa taarifa ya habari. Wangapi wanaomtaja Deborah Mwenda kwa heshima hiyo hiyo? Kusema na watoto tumekufanya kazi ya kuanzia, kazi ya kumpa mgeni wa studio.

Kuna jambo liliniuma zaidi. Mwaka 2010 kituo cha watoto cha BBC, CBeebies, kilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama wa Afrika zilizochorwa na vijana wa Nairobi kwa mtindo wa Tingatinga uliozaliwa Dar es Salaam. Mwanangu wa kwanza alizipenda mno. Alinisimulia jinsi tembo alivyopata mkonga, akanisimulia kwa Kiingereza, mimi ambaye hadithi kama hizo nilizisikia mkekani nikazinyamazia.

Mama yangu sasa hututumia ujumbe wa sauti kila Jumapili. Jogoo anawika nyuma yake, mtu anatwanga, pikipiki inapita. "Hadithi, hadithi," anasema, kisha ananyamaza, ingawa anajua tutasikiliza baada ya saa nyingi. Ananyamaza kwa muda unaotosha. Binti yangu anasimama jikoni na sare yake ya shule anayoijaribu kwa ajili ya kesho, anaijibu simu kwa sauti kubwa, na mimi nazima jiko ili tusikie.