Waliokataa Sindano Nao Wana Haki Yao Cooperstown

Desemba 2025 kamati ya watu 16 ilikaa kuamua ni wachezaji gani wa zamani waongezwe kwenye Jumba la Mashuhuri wa besiboli, lile la Cooperstown, jimbo la New York. Jeff Kent alipita kwa kura 14. Barry Bonds, aliyecheza naye San Francisco Giants misimu sita na kumzidi karibu kwa kila kitu, hakufikisha hata kura tano. Roger Clemens, mrushaji, naye vivyo hivyo. Wote wawili wanatuhumiwa kutumia steroidi, dawa za kukuza misuli. Kabla ya hapo waandishi wa besiboli walikuwa wamewapigia kura miaka kumi, na mwaka wa mwisho, 2022, Bonds aliishia asilimia 66 na Clemens asilimia 65. Inayotakiwa ni 75.

Mashabiki wengi wana maelezo mepesi kuhusu matokeo haya: wapiga kura ni wanafiki, wazee wanaojifanya watakatifu, wanaoadhibu kizazi kimoja kwa dhambi za mchezo mzima. Hoja hiyo ina uzito na nitaipa nafasi yake. Ila naona kesi yenyewe imepangwa vibaya tangu mwanzo. Inaendeshwa kana kwamba wenye madai ni wawili tu, Bonds upande mmoja na wapiga kura upande wa pili. Kuna wa tatu, na ndiye aliyeumia kuliko wote: mchezaji wa miaka ile ile aliyekataa sindano ya dawa hizo.

Kwanza haki itendeke kwa Bonds. Alipiga homurani 762 (yale mapigo ya kuutoa mpira nje ya uzio), nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi kuu ya Marekani. Msimu wa 2001 peke yake alipiga 73. Alitajwa mchezaji bora wa ligi yake mara saba, na mara tatu kati ya hizo zilikuwa kabla hajatimiza miaka 30, akiwa mwembamba na mwepesi wa mbio. Clemens alishinda mechi 354 na kutwaa tuzo ya mrushaji bora mara saba. Hakuna kati yao aliyewahi kufungiwa na ligi kwa steroidi. Mahakama ilimwachia huru Clemens mwaka 2012 kwa mashtaka ya kudanganya Bunge la Marekani, na hukumu ya Bonds ya kuzuia haki ilifutwa kwenye rufaa mwaka 2015.

Kisha tazama waliomo ndani. Bud Selig, kamishna aliyesimamia ligi wakati misuli inavimba na mapato yanapanda, alichaguliwa Desemba 2016. Tony La Russa, aliyemfundisha Mark McGwire, mpiga homurani aliyekuja kukiri kutumia dawa, kule Oakland na tena St. Louis, aliingia kwa kura zote mwaka 2013. David Ortiz, ambaye gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2009 kwamba alikuwa miongoni mwa waliokutwa na dawa kwenye vipimo vya siri vya 2003, alipita mara ya kwanza tu, mwaka 2022. Kamishna Rob Manfred alisema matokeo ya vipimo vile yalikuwa na utata, na huenda ni kweli, lakini shabiki wa Bonds ana haki ya kuuliza mbona utata ulimfaa mmoja tu. Yumo hata Gaylord Perry, mrushaji aliyekiri mwenyewe kuupaka mpira mate na mafuta kinyume cha sheria.

Orodha hiyo inauma, na sina cha kuitetea. Ninachopinga ni sentensi inayofuata baada yake kila mara: “Wote walikuwa wanatumia.”

Hapana. Na hapa kuna takwimu ninayoomba tuikalie kidogo, kwa sababu watu huipita haraka. Mwaka 2003 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kufanya vipimo vya majaribio, bila majina kutajwa na bila adhabu. Makubaliano yalikuwa kwamba waliokutwa na dawa wakizidi asilimia 5, basi kuanzia 2004 vipimo vitakuwa vya lazima na vyenye adhabu. Vilichukuliwa vipimo 1,438. Vilivyoonyesha dawa vilikuwa kati ya asilimia 5 na 7.

Najua pingamizi. Wachezaji walijua vipimo vinakuja, kwa hiyo mjanja alikuwa na muda wa kujisafisha. Dawa mpya iliyotengenezwa kwa makusudi isionekane, ile iliyohusishwa na maabara ya BALCO kule California, haikuwa ikigundulika wakati huo. Kwa hiyo hesabu halisi ilikuwa kubwa zaidi. Izidishe mara mbili. Izidishe mara tatu. Bado unabaki na takriban wachezaji wanne kati ya watano ambao hawakujidunga, kwenye ligi isiyokuwa na kipimo, ambako aliyeketi kabati la jirani alikuwa anapata mkataba mnono kwa kufanya hivyo. “Wote” imefuta watu hao kwa neno moja.

Na hawakunyamaza kama tunavyosimuliwa. Machi 2003, kambi ya mazoezi ya Chicago White Sox huko Tucson, Arizona, kundi la wachezaji lilipanga kukataa kupimwa. Ukisikia hivyo unadhani walikuwa wanaficha kitu. Kinyume chake: kwa mujibu wa makubaliano, aliyekataa angehesabiwa kama aliyekutwa na dawa. Walitaka kuongeza idadi ili ile asilimia 5 ivukwe na vipimo vya kweli vije. Hebu fikiria mtu msafi anakubali kuandikwa mchafu ili mchezo wake usafishwe. Chama chao wenyewe kiliwabembeleza wakaacha. Kila ninaposikia kwamba enzi ile hakuna aliyejali, nawakumbuka hao.

Sasa tuone walichopoteza. Babe Ruth alikuwa wa kwanza kufikisha homurani 500, mwaka 1929. Kuanzia hapo hadi Eddie Murray mwaka 1996, miaka 67, waliofika ni 15 tu. Ukifika 500 ulikuwa unajua nafasi yako Cooperstown iko tayari. Halafu kati ya 1999 na 2009 waliongezeka 10. Watatu kati yao wamo ndani ya jumba: Ken Griffey Jr., Frank Thomas na Jim Thome. Saba wako nje: McGwire, Bonds, Sammy Sosa, Rafael Palmeiro, Alex Rodriguez, Manny Ramirez na Gary Sheffield. Wote saba wamehusishwa na dawa kwa njia moja au nyingine, ingawa Sosa na Sheffield si wa kuwekwa kapu moja na Ramirez, aliyefungiwa mara mbili.

Fred McGriff hakufika 500. Alistaafu na 493. Mwaka 1989 aliongoza ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa homurani 36, na mwaka 1992 akaongoza ile ya pili, ligi ya Taifa, kwa 35. Msimu wa 1994 alikuwa na 34 wakati mgomo wa wachezaji ulipousimamisha mwezi Agosti, na msimu haukurudi tena. Saba alizozikosa zilikuwa ndani ya wiki zile zilizopotea. Hajawahi kuhusishwa na dawa yoyote. Lakini jina lake lilipofika mbele ya waandishi, walikuwa wameshazoea kuona watu wakipiga 60 na zaidi kwa msimu. Kabla ya 1998 jambo hilo lilitokea mara mbili tu katika historia yote, Ruth mwaka 1927 na Roger Maris mwaka 1961. Kati ya 1998 na 2001 likatokea mara sita, kwa mikono ya watu watatu. Mbele ya hesabu kama hizo, mtu wa 35 kwa mwaka, tena mwaka baada ya mwaka, alionekana wa kawaida. Waandishi walimpitia miaka kumi na hakuwahi kuvuka asilimia 40. Ilibidi asubiri kamati ya Desemba 2022, ambayo ilimchagua kwa kura zote 16, siku ile ile iliyowakataa Bonds na Clemens.

Kwenye riadha tunajua jinsi ya kushughulikia mtu kama McGriff, angalau kwenye karatasi. Rita Jeptoo wa Kenya alivuliwa ushindi wake wa marathoni ya Boston ya 2014 kwa sababu ya dawa, na Buzunesh Deba wa Ethiopia aliyemaliza wa pili akatangazwa bingwa. Fedha zilimchelewa miaka, na hilo ni aibu ya riadha, lakini jina liliandikwa upya. Besiboli haina utaratibu huo. Homurani 762 zimebaki vitabuni. Mechi zilizoshindwa kwa mapigo yale hazirudiwi, tuzo hazihamishwi, na mchezaji wa ligi ndogo aliyekosa kupandishwa kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa na mwenye dawa hatakumbukwa hata kwa jina. Baada ya kila kitu kupita, kura ya Cooperstown ndiyo mahali pekee ambapo mchezo unaweza kusema kwamba kukataa kulikuwa na thamani. Ndiyo maana Joe Morgan, mchezaji mkubwa aliyekuwa makamu mwenyekiti wa jumba hilo, aliwaandikia wapiga kura barua Novemba 2017 akiwaomba wasiwachague waliotumia steroidi. Wengi waliicheka barua ile kama mahubiri ya mzee. Mimi nilisoma ndani yake ombi la watu waliocheza kwa miili yao wenyewe.

Inadaiwa pia kwamba dawa hazikuwa zimekatazwa. Sheria ya Marekani ilizidhibiti mwaka 1990, na kamishna Fay Vincent aliandika waraka wa kuzipiga marufuku mwaka 1991. Kilichokosekana ni kipimo. Na kanuni ya kupiga kura inataja uadilifu, uungwana michezoni na tabia kando ya rekodi ya uwanjani. Mtu anaweza kusema kanuni hiyo imevunjwa mara nyingi, hasa ukikumbuka kwamba wamo waliosaidia kuwafungia Weusi nje ya ligi hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Ni kweli, na ni doa kubwa zaidi kuliko sindano yoyote. Lakini sielewi ni kwa hesabu gani kosa la kumwingiza asiyestahili linarekebishwa kwa kumwongeza mwingine. Selig hakustahili. Kumwingiza Bonds hakumwondoi Selig, ila kunamwambia McGriff kwamba sasa wamekosewa wote wawili kwa pamoja, yeye na historia.

Hoja inayonisumbua kweli ni moja. Kufikia mwisho wa 1998 Bonds alikuwa mtu wa kwanza kuwahi kufikisha homurani 400 na kuiba vituo 400 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), na madai mazito dhidi yake yanahusu miaka iliyofuata. Angestaafu siku ile angeingia bila ubishi. Je, tumnyime alichokipata kwa jasho kwa sababu ya alichoongeza baadaye? Nimelifikiria sana hili na bado linanivuta. Ninachoishia nacho ni kwamba heshima hupewa mtu mzima, pamoja na uamuzi aliofanya alipokuwa tayari bora kuliko wote. Kijana wa ligi ndogo anayehangaika kulisha familia ana kisingizio ambacho Bonds hakuwa nacho.

Vilevile mstari lazima uchorwe kwenye ushahidi, kamwe usichorwe kwenye umbo la mwili. Mike Piazza alisubiri hadi mara ya nne na Jeff Bagwell hadi mara ya saba, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya minong’ono tu. Huo ulikuwa uonevu, na wanaokubaliana na mimi wanapaswa kuusema kwa sauti ile ile.

Kuhusu wasiwasi kwamba historia inafichwa, haifichwi. Mpira wa homurani ya 756, ule uliompitisha Bonds mbele ya Hank Aaron, aliyeshikilia rekodi kabla yake, Agosti 2007, uko Cooperstown. Marc Ecko, mbunifu wa mavazi, aliununua kwa zaidi ya dola 750,000, akawapigisha watu kura mtandaoni, kisha akauchongea alama ya nyota, ishara ya rekodi yenye shaka, kabla ya kuupeleka makumbusho mwaka 2008. Mgeni yeyote anaweza kujifunza hapo Bonds alifanya nini. Makumbusho yana wajibu wa kusimulia yote. Bamba la shaba ukutani, wanalowekewa waliochaguliwa, ni jambo jingine, ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Kwa kanuni mpya, Bonds na Clemens hawawezi kurudi mbele ya kamati hadi 2031, na wakikosa tena kura tano mlango utafungwa moja kwa moja. Rodriguez, aliyefungiwa msimu mzima wa 2014, anaweza kubaki kwenye karatasi ya waandishi hadi mwaka huo huo. Kuna muda, basi, na kuna kitu ambacho kingenifanya nifikiri upya. McGwire alikiri Januari 2010, lakini akashikilia kwamba alitumia ili apone majeraha na kwamba homurani zile angezipiga tu. Ukiri wa namna hiyo haumrudishii mtu kitu. Akitokea mmoja wa hawa akasimama na kusema nilitumia kuanzia mwaka fulani, zilinisaidia kwa kiasi hiki, na fulani na fulani niliwapita kwa njia isiyo halali, akawataja kwa majina yao, nitakuwa tayari kuisikiliza kesi yake upya.