Anayenunua Fleti Kariakoo Ananunua Nini?

Mwezi uliopita nilikwenda na mama yangu kuangalia fleti inayouzwa katika jengo la ghorofa sita, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Dalali alikuwa kijana mwenye adabu. Alitupandisha ngazi polepole kwa sababu ya magoti ya mama, akitusogeza pembeni kila tulipokutana na wachukuzi wenye mabelo, maana ghorofa ya pili na ya tatu ni stoo tupu. Mama alikagua vyumba vyote viwili, akafungua mabomba, akachungulia dirisha la jikoni ambalo ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani, kisha akauliza: "Mwanangu, na kule chini ni kwa nani?" Kijana akajibu kwamba chini ni frem za watu. Mama akamwambia kwamba hakuuliza maduka, ameuliza ardhi. "Ardhi ni ya mwenye jengo, mama," akasema. "Nyinyi mnanunua nyumba."

Tangu siku ile jibu hilo halijanitoka kichwani, na limenikasirisha kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa najua kijana yule hakutudanganya. Alieleza biashara inavyofanyika hapa kila siku. Watu wanatoa akiba ya miaka 15, fedha ambazo zingewapatia kiwanja kule Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kusimamisha msingi juu yake, wanasaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wanakabidhiwa funguo, na jina lao haliandikwi popote kwa Msajili wa Hati.

Mama amezaliwa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita kama zilivyokuwa nyumba zote za mtaa wao: baraza mbele, ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Babu alipangisha vyumba vinne na familia ikabanana katika viwili. Msongamano basi haukuanza na maghorofa, na sitaki mtu aniambie kwamba zamani watu walikuwa wachache hapa. Mahali penyewe pamepata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tofauti ni kwamba katika nyumba ile kila mtu alijua ufa ukitokea ukutani anaitwa nani. Aliitwa babu, na babu alikuja, kwa sababu ukuta ulikuwa wake kuanzia msingi hadi bati.

Babu alipofariki tulibaki warithi wengi na kiwanja kimoja. Akaja mjenzi na mkataba wa ubia: sisi tunatoa ardhi, yeye anapandisha ghorofa, halafu tunagawana. Nusu ya Kariakoo imejengwa kwa njia hiyo na siilaumu, kwani hakuna mrithi kati yetu aliyekuwa na uwezo wa kumwaga hata zege la nguzo moja. Ghorofa mbili tulipata. Hati ya kila fleti tuliyoahidiwa kwa mdomo haijaonekana mpaka leo, na mmoja wa wajomba zangu, mwenye shida ya kweli ya fedha za matibabu, amekwisha kutangaza kuuza sehemu yake kwa karatasi ileile ya wakili. Nasema haya ili msomaji asidhani kwamba kila anayeuza bila hati ni tapeli. Wengi wanauza walichopewa, nao walipewa pungufu.

Ninachokidai si kigeni. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ilitungwa mwaka 2008, na kazi yake ni kumjibu mama swali lake. Jengo linachorewa ramani ya sehemu zake, ramani inasajiliwa, na kila mnunuzi anapata hati ya sehemu yake yenye jina lake. Pamoja na sehemu hiyo anapata fungu katika vitu vya wote, yaani ardhi, msingi, nguzo, ngazi, paa, matangi na karo la maji taka, fungu ambalo haliwezi kutengwa na fleti yake. Na wenye sehemu wote wanaunda chama chao cha kusimamia mali hiyo ya pamoja. Asiye na hati hiyo ana makubaliano na mtu binafsi tu. Mtu huyo akiwa amekiweka rehani kiwanja chote na akashindwa kulipa, benki haitapanda ngazi kuuliza nani alinunua ghorofa ya nne.

Watu husema hayo ni mambo ya makaratasi. Rafiki yangu anaishi katika jengo ambalo pampu ya maji iliharibika, na kwa siku 11 akina mama wa ghorofa ya tano walibeba ndoo. Wenye frem za chini walikataa kuchangia kwa hoja kwamba maji yao yanatoka moja kwa moja barabarani, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwalazimisha, kwa sababu hapakuwa na chama, wala kanuni, wala mtu aliyejua pampu ni ya nani. Hiyo ni pampu, na pampu hununuliwa nyingine.

Nguzo hainunuliwi nyingine. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo likiwa limejaa wafanyabiashara na wateja, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sisi wa mitaa ya jirani tulisimama nyuma ya kamba za polisi usiku kucha, tukinyamaza kila waokoaji walipoomba kimya ili wasikie sauti za waliofukiwa. Mashuhuda walizungumzia uchimbaji uliokuwa ukifanyika chini ya jengo. Wenye umri kama wangu walikumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, pale Mtaa wa Indira Gandhi, ambapo jengo lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu 36. Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, na ilifanya vema. Lakini mkaguzi anakuja siku moja na kuondoka, ilhali stoo ya chini ya ardhi inachimbwa usiku, kwa wiki kadhaa, na wanaolala juu yake wanasikia nyundo kila usiku. Nani kati yao anaweza kushuka na kusema "simamisheni, nguzo hiyo ni yangu pia"? Akiambiwa na fundi kwamba yeye alinunua vyumba viwili na sebule, atajibu nini? Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hati ya sehemu peke yake haizuii zege bovu, nakiri. Lakini inampa mwenye kulala juu haki ya kuuliza, kudai michoro, kwenda mahakamani kuomba zuio, na haki hiyo ndiyo tunayoiacha mezani kwa wakili ili tupunguziwe bei kidogo.

Nami nataka kuishi hapa, jambo ambalo ndugu zangu wa Mbezi hawalielewi. Nafika kazini kwa miguu wakati wenzangu wanapoteza saa mbili kwenye foleni. Napata samaki, dawa, fundi cherehani na msikiti bila kuvuka barabara zaidi ya moja. Kelele nimezizoea, pa kuegesha gari sipahitaji kwa kuwa gari sina, na joto la usiku linavumilika dirisha likiwa wazi. Mama naye angependa kufia kwenye mitaa aliyozaliwa. Amenitamkia hivyo waziwazi, na ndiyo sababu tulipanda zile ngazi.

Kwa hiyo nilimwomba dalali namba ya kiwanja na kitalu. Alisita kwa siku kadhaa, akidai kwamba hakuna mteja aliyewahi kumwomba, lakini mwishowe alinitumia, nami nikalipia upekuzi rasmi wa kumbukumbu za kiwanja hicho kwa Msajili wa Hati. Majibu yalionyesha kwamba kiwanja kipo kwa jina la mzee ambaye mama anakumbuka alivyozikwa, na kwamba hakuna ramani ya sehemu iliyosajiliwa juu yake. Nilimpigia dalali kumweleza kwamba tupo tayari kununua kwa bei ileile mara warithi watakapokamilisha mirathi na kusajili sehemu zao, hata kama itachukua mwaka. Alinishukuru kwa upole, kisha akaniambia kwamba fleti ile imekwisha kupata mteja, kijana aliyeoa juzijuzi, na kwamba amelipa taslimu.

Kijana huyo simjui. Iwapo anasoma haya, namba ya kiwanja ninayo, na karatasi ya upekuzi nitampa bila malipo.