Hewa ni tamu mpaka ufike Engare Sero

Tulikuwa tumeshaipita Engaruka, tunaelekea Engare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, gari likaanza kuinama mbele kushoto. Tukadhani pancha. Tukashuka, tukazungukia tairi zote nne na kuzipiga mateke, nzima zote. Tukiwa bado tunaangaliana, kulia nako kukaanza kushuka, kisha nyuma, polepole, kama ngamia anayepiga magoti. Kwenye dashibodi ukatokea ujumbe wa kutuonya tusizidi kilomita 50 kwa saa. Hamsini! Kwenye mawe yale na vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai tulitambaa kwa 15, na kila shimo tulilisikia kwenye meno.

Gari ni la rafiki yangu. Aina yake siitaji, maana bado anatafuta mteja.

Kwa asiyeujua mfumo huu wa springi za hewa: mahali pa springi ya chuma pamewekwa mpira mnene uliojazwa hewa, mmoja kila gurudumu. Kompresa ndogo ya umeme inasukuma hewa, valvu zinaigawa, vihisio vinapima kimo cha kila pembe, na kompyuta ndiyo yenye kauli ya mwisho. Range Rover ilianza nao mwaka 1992, na mimi sibishi, ni utamu. Ukipakia mizigo gari halichuchumai nyuma. Ukifika kwenye korongo unabonyeza kitufe, linanyanyuka. Siku tuliyompeleka mama Dodoma na gari hilohilo alilala usingizi njia nzima, na mama yangu hana kawaida ya kulala garini.

Ninachogombana nacho ni namna linavyoharibika.

Tukiwa tumekaa juani, ukatokea mkonga, ile Land Cruiser ndefu tunayoijua wote, kreti za soda hadi juu, abiria wamekaa juu ya kreti. Dereva akasimama. "Shikamoo wazee, mmekwama?" Akaingia uvunguni mwa gari letu, akakaa huko kitambo, akatoka na vumbi usoni. "Sasa springi zenu ziko wapi?" Tulipomweleza akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuonyesha ya kwake: ile ya nyuma, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kimoja kimevunjika katikati. Amekifunga na kipande cha mti na mipira ya tyubu, amekaza mpaka mpira umegeuka mweupe. "Hii tangu juzi," akasema, akaondoka na soda zake.

Tuliporudi Arusha, fundi alipaka povu la sabuni kwenye mpira wetu wa mbele kushoto. Mapovu yakachomoza kwenye ule mkunjo ambao mpira hujikunja na kujikunjua kila gari linaporuka. Vumbi lilikuwa limejibana pale, likausugua kama msasa. Tundu lenyewe hata sindano ingepita kwa taabu. Lakini kompresa ilikuwa imefukuzana na hewa inayovuja bila kupumzika, mpaka ikaungua. Na kompyuta ilipoona pembe moja haipandi, ikazishusha zile tatu nyingine ili gari likae sawa. Ndiyo maana tulipiga magoti: gari halikukosea, lilifuata maagizo. Kompresa nyingine ikaagizwa nje, na gari likalala gereji wiki tatu.

Najua nitajibiwa kuwa chuma nacho huvunjika. Kweli, mimi mwenyewe nimeshavunja mbili. Najua pia wapo wanaozunguka majangwa na mifumo ya hewa bila shida. Ukiwachunguza, hao hubadilisha mipira kabla haijaanza kupasuka, hubeba kompresa ya akiba, na huweka kwenye mabomba vivalvu kama vya tairi, ili kompyuta ikigoma wajaze kila mpira kwa pampu. Hao nawavulia kofia, ingawa mpira wenyewe ukichanika pampu haina msaada. Ila sisi wengine tunanunua gari lililokwisha kutumika Japani au Uingereza. Tunauliza kilomita, tunauliza injini, tunafungua boneti na kutikisa kichwa kama wataalamu. Nani amewahi kuuliza mipira ya hewa ina miaka mingapi?

Toyota Prado za toleo la 120, zilizoanza kutoka 2002, zile za daraja la juu, zina mipira hiyo nyuma, na si wachache walioishia kuing'oa na kuweka springi za chuma. Hilo nalo lina adabu yake. Springi ichaguliwe kwa uzito unaoubeba kweli, na ile taa ya kuonya kuhusu hewa kwenye dashibodi ujiandae kuishi nayo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mkonga umekuwa sokoni tangu 1984. Mwaka 1999 mbele uliwekewa springi za mviringo, lakini nyuma, ule wa mizigo umebaki na vile vyuma bapa. Mashirika ya misaada yenye uwezo wa kununua kitu laini zaidi bado yanaununua, kwa sababu springi yake hutengenezeka popote penye mtu wa kuchomelea, na asipokuwepo, penye mti na tyubu.

Juzi rafiki yangu kanipigia. Anataka twende Loiyangalani, kule Kenya kando ya Ziwa Turkana, Desemba. Nikamwambia sawa, ila tunakwenda na langu. Kimya kidogo kwenye simu, halafu akauliza kama anaruhusiwa kuja na mto wa kukalia.