Feri Ikikwama, Mwenye Miguu Apite Wapi?

Juzi Alhamisi nilitoka kazini Mwembe Tayari, hapa Mombasa, saa kumi na moja unusu, hesabu yangu ikiwa ile ya kila siku: Magharibi inikute ng'ambo, Likoni. Kufika kivukoni, banda la kusubiria limefurika hadi barabarani, mikokoteni imebanana na feri imesimama tu. Huyu asema ni injini, yule asema yasubiriwa meli ipite. Kipaza sauti kipo, lakini kilikuwa kikitukumbusha tujihadhari na wezi wa mifukoni.

Kuchelewa kwenyewe hakukunikera. Watu wa kusini tuna kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, na zaidi ya watu 250 hawakurudi majumbani kwao. Feri yenye hitilafu na isimame, hata usiku kucha. Ninalogombania ni lingine.

Kando yangu alisimama mama mmoja na karai lake tupu, katoka kuuza mihogo mjini. Makanga walikuwa washanusa shida, wanaita abiria wa kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kwa mia mbili. "Mwanangu," akaniambia, "mauzo yangu ya leo ni mia nne na hamsini, na unga sijanunua."

Nina binamu yangu aishiye London. Hunieleza kwamba huko treni ikikatizwa, huletwa mabasi ya kushika nafasi yake, na tikiti ile ile ya treni ndiyo inayopandia basi. Naye hulalamika kweli kweli: basi lazunguka, lajaa, lafika usiku. Mimi humsikiliza nikiyatamani malalamiko yake.

Sasa nitaambiwa: wewe wa Likoni huna tikiti, wavuka bure, wadai nini? Hapo ndipo tunapokosana. Aendaye Nyali ana daraja. Aendaye Changamwe anapita Makupa. Hakuna anayemwambia kuwa anasaidiwa akikanyaga lami. Sisi barabara yetu ni maji, kama nusu kilomita hivi, na kwa siku hupita hapo zaidi ya watu 300,000, wengi wao kwa miguu. Barabara ikikatika, watu huonyeshwa njia ya kupitia. Na njia ipo: Makupa, Changamwe, Miritini, kisha hiyo barabara mpya ya Dongo Kundu ivukayo Mteza na kutokea Kibundani. Mwenye gari jioni ile aligeuza akaenda zake. Mwenye miguu ndiye aliyebaki akihesabu sarafu.

Najua mabasi hayawezi kuubeba umati ule wote, wala siombi hivyo. Naomba machache, ya bure kama feri ilivyo bure, yawe tayari pale feri zinapokwama saa za jioni. Wapande kwanza wajawazito, wazee, wagonjwa waliotoka hospitali na watoto waliovaa sare za shule. Sisi wengine tutasimama, tumezoea. Na nisiambiwe ni jambo kubwa mno. Korona ilipoingia, mwaka 2020 huo huo tulijengewa daraja la kuelea kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, tukavuka kwa nyayo zetu. Daraja zima, baharini! Mabasi kadhaa ndiyo yatushinde?

Geti lilifunguliwa saa mbili na robo. Tukateremka kwa kusukumana, yule mama karai kichwani, mkono mmoja kanishika begani asije akaanguka. Ng'ambo, makanga wa Mtongwe ambaye jana yake aliita thelathini alikuwa akiita hamsini. Mama alimtazama, akafunga leso yake vizuri, akashika njia kwa miguu.