Jiko la Vichwa Saba

Kabla ya yote, mjue mwandiko wangu. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, amesahihisha madaftari tangu sijazaliwa, na ndiye aliyesema kwamba kuku akikanyaga wino kisha akapita juu ya karatasi, huyo kuku atapata alama kunizidi. O yangu ni nyembamba kama i. A yangu haina mkia, ukiitazama haraka ni o. Shikeni hapo hapo, tutarudi.

Naandika riwaya ya fantasia. Nyumbani, kule Majengo, mtaa wetu wa Goma, Kongo, wanaiita "ile makaratasi yako". Ni ufalme ulioko chini ya Ziwa Kivu, malkia wake, mchawi mmoja asiyelipa madeni, na joka lenye vichwa saba linalolala ndani ya mlima Nyiragongo. Joka hilo nililipata usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu na mtaa mzima ukatoka nje na magodoro. Wenzangu waliona volkano, mimi nikaona mnyama anafungua jicho. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, tukatembea mpaka Sake, mama kabeba godoro, dada kabeba mtoto, mimi nimekabidhiwa mbabula, lile jiko la mkaa. Njia nzima nililitafutia joka jina huku masizi yakinichora shati.

Kuandika kwenyewe hakuna cha kujivunia. Nangoja nyumba ilale, nafunga simu kwenye paji la uso kwa kitambaa, tochi ikitazama daftari kama mchimbaji wa koltani, naandika mpaka betri ikate. Mambo ya kutisha sibuni sana. Mazuku, kwa mfano, nimeigeuza kuwa fisi asiyeonekana. Wa Goma mnaijua: ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutulia mashimoni, mbuzi anashuka kula majani, harudi. Waandishi wa kwingine wanaumiza kichwa kutafuta majini, sisi tunayaokota njiani.

Basi, vijana fulani wa mtaa wa Himbi wakaandaa jioni ya kusoma kazi zetu, dakika kumi kila mtu, na wakataka maandishi yaliyochapwa. Kompyuta sina. Nikapeleka daftari Birere, kwa mama mmoja mwenye kibanda cha mbao, kompyuta moja, printa mbili (moja ni ya kuwekea kikombe cha chai) na jenereta inayokohoa. Akalifungua daftari, akaliweka mbali, akalileta karibu, akaniuliza kama niliandika nikiwa juu ya moto. Pikipiki, alimaanisha. Nikacheka. Nisingecheka.

Nilichukua karatasi Ijumaa saa kumi, mvua inanyesha, motari wa pikipiki ananingoja, karatasi nimezificha ndani ya shati. Sikuzisoma. Mwandishi gani anasoma tena alichokiandika mwenyewe? (Najua. Sasa najua.)

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama yangu alikuwa amekuja na wauza makala (mkaa, kwa Kiswahili cha kwingine) wenzake watatu, wamekaa safu ya pili na vitenge vyao vya Jumapili. Nikakohoa kidogo, nikatoa ile sauti nzito niliyoifanyia mazoezi chooni.

"Kileleni mwa mlima, palikuwa na jiko."

Nikatulia. Watu nao wakatulia, wakidhani ni ufundi.

"Jiko kubwa, lenye vichwa saba. Lilikuwa limelala miaka elfu moja, na kila lilipopumua, moshi ulifunika mji."

Mtu atauliza kwa nini nisirekebishe kwa mdomo tu. Nilijaribu! Sentensi ya tatu nikasema "joka" kwa nguvu zote, na mzee mmoja wa mbele akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri: "Na huyo joka anatoka wapi tena?" Wakaanza kugeukiana, hadithi inapotea. Nikarudi kwa jiko.

Kiswahili nacho kilinisaliti. Ningeandika habari za simba, mahali fulani pangekwama. Lakini joka linalala, jiko linalala. Joka limewaka, jiko limewaka. Hakuna hata kiambishi kimoja kilichopiga kelele kunionya. Ukurasa mzima ulikuwa safi kama mtihani wa sarufi.

"Malkia akalikumbatia jiko, machozi yakamtoka. 'Nani,' akalia, 'nani amethubutu kuliamsha jiko langu?'"

"Ni miye!" akajibu mama mmoja wa safu ya pili. "Saa kumi na moja ya asubuhi, kila siku!"

Ukumbi ukavunjika. Jamaa aliyewahi kuishi Dar es Salaam, ambako mke huitwa jiko, akasimama kumpongeza malkia kwa kupata jiko bila mahari. Nikaendelea kusoma haraka ili nimalize nife, na kwa haraka hiyo nikasoma kila kilichokuwa mbele ya macho yangu: "Ndipo likatokea jeshi la samaki, lakini si sambaza, kwa sababu sambaza hawakuwako zamani, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959."

Hilo sikuliandika mimi. Mimi niliandika "jeshi la sambaza", basi.

Yakaja maswali. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mwenye miwani alisema jiko ni alama ya mzigo wa mwanamke, na vile vichwa saba ni siku za juma. Nikaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyegunduliwa siri yake. Rafiki wa mama akataka kujua vichwa saba vinakula magunia mangapi ya makala kwa mwezi. Nikasema matatu. Akasema haiwezekani, labda sita, na wauza makala wakaanza kupiga hesabu kwa vidole mpaka dakika zangu zikaisha.

Kesho yake nilikuwa Birere asubuhi.

"Mama, niliandika joka."

Akavaa miwani, akavuta daftari, akaweka kidole juu ya neno. "Hii ni jiko."

"Ni joka, mama. Linyoka likubwa, linaruka, linatema moto."

"Jiko pia inatema moto." Akavua miwani. "Mwanangu, ungesema! Miye nilijua ule mutoto anaandika mateso ya wamama. Ku ukurasa wa kumi nililia."

"Na sambaza?"

"Papa yangu alikuwa muvuvi. Uongo juu ya malkia, sawa. Uongo juu ya sambaza, hapana." Kisha akatoa kikaratasi. "Tena uko na deni. Ule mustari wa samaki ulisukuma maneno, ukazaa ukurasa mwingine. Franka mia tano."

Nikalipa. Nimefika mlangoni, akaniita.

"Na malkia? Analirudilia lile jiko, ao analiacha?"

Nikamwambia bado sijaandika.

"Basi andika mbiyo," akasema, mkono tayari uko juu ya kompyuta. "Leo kuran ya umeme iko."