Kihori Kichwa Chini, Makalio Juu

Saa kumi alasiri, Ijumaa ya bamvua, siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, gati la Lamu limejaa watu kama siku ya mashindano ya majahazi, na wote wanatazama kihori changu. Kilichokuwa juu ya maji ni tezi peke yake, yaani sehemu ya nyuma, kama bata anayetafuta dagaa. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilikuwa chini, imeng'ang'aniwa na mnyororo. Kufuli nililolinunua kwa ajili ya wezi lilikuwa zima, limefungwa barabara, halijaguswa na mtu. Kwa upande wa ulinzi sikuwa na la kulaumiwa.

Kihori chenyewe kilikuwa cha tatu. Yoti ninayoitunza hulala Ras Kitau, upande wa Manda, na kutoka pale huendi sokoni bila chombo kidogo. Tajiri, Mfaransa mwenye yoti, alitaka kitu chenye sifa tatu: kiwe chepesi, kisiyumbe, kisiibike. Ukipata mbili, shukuru.

Cha kwanza kilikuwa hori la mwembe, gogo moja lililochongwa. Hakuna mwizi aliyelitamani, maana mwizi naye anataka kufika salama. Chini ni mviringo kama kifuu cha nazi, kwa hiyo aliyezaliwa baharini hukaa humo akanywa kahawa, ila mgeni anayeshuka kutoka kwenye yoti hukanyaga ukingoni, na hori likikanyagwa ukingoni halijadiliani. Lilimwaga wageni wawili na kamera moja. Tena kulivuta pwani ni kazi ya wanaume wanne, na watatu kati yao watataka chai.

Cha pili, boti ya mpira. Kwa kutoyumba haina mfano: mapipa yake ya hewa yako pembeni kabisa, uzito ukienda ubavuni unakuta kitu kinachoubeba. Lakini nguzo za gati zimevaa chaza, na chaza ni wembe. Wiki ya tatu boti ilikuwa inapumua kama mgonjwa wa pumu. Nikaibandika kiraka, kikabanduka siku ya pili, kwa sababu boti ilikuwa ya PVC nami nilitumia gundi ya mpira wa baiskeli. PVC ina gundi yake. Unasafisha pande zote mbili, unapaka, unaacha ikauke, unapaka tena, ikianza kunata ndipo unakandamiza na kuacha kutwa kucha. Hata ilipopona, kuipiga makasia dhidi ya kusi ilikuwa dhihaka: iko juu juu ya maji, haina mkuku, ule uti wa chini unaoshika maji, ukienda mbele mara mbili upepo unakurudisha mara moja. Dawa yake ni mashine ndogo, na hapo ndipo umemwita mwizi kwa jina lake, kwa sababu mashine ya nguvu za farasi 2 na nusu mtu huibeba begani kama mtungi wa gesi.

Ndipo nikaenda Matondoni kwa fundi. Nilimkuta chini ya jahazi, anapiga kalafati, kuziba nyufa za mbao, hakugeuka.

"Ami, nataka kihori cha plaiwudi."

"Plaiwudi ni ya makabati, mwanangu."

Lakini alikitengeneza, tena vizuri. Plaiwudi mbili za milimita 6, kila moja futi 8 kwa 4 na kilo kama 10. Epoksi na utepe wa faiba kwenye maungio. Sakafu bapa, upana wa juu karibu futi 4, omo imekatwa butu badala ya kuchongoka. Omo butu haipendezi, ila inakupa upana mpaka mbele, na upana ndio unaomshikilia mgeni. Kilipokamilika kilifika kilo 34. Nilikivuta mchangani peke yangu. Kukipima nilisimama ukingoni kwa mguu mmoja: kiliinama, hakikuingiza maji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapohapo. Fundi alitaka kufunga madumu matupu ya lita 20, mawili tezi na mawili omo. Kila dumu likizamishwa hubeba karibu kilo 20, hivyo kihori kikijaa maji bado kinakaa sawa. Nikamwambia ya omo ayaache, pale nitaweka vitu vya sokoni. Akanitazama, akasema, "Haya," ile haya ya Lamu ambayo si ndiyo.

Mwizi sasa. Ukweli ni kwamba Lamu kila mtu anakijua kihori cha kila mtu, na aliyekiiba atakipeleka wapi? Balaa lenyewe ni wanaokopa usiku bila kuaga, wakakiacha Manda kimejaa magamba ya samaki. Nikakipaka rangi ya chungwa na mabaka ya kijani, mtu yeyote mwenye haya asionekane ndani yake. Jina nikalichoma kwa chuma cha moto chini ya kiti, lisifutike kwa msasa. Kisha nikanunua mnyororo wa mita moja na nusu. Muuzaji alikuwa na wa mita sita. Nikaona bei.

Ijumaa ile maji yalikupwa saa nne asubuhi. Nilifika saa tano, maji bado yako chini, nikanunua vitunguu, unga na sukari kilo 2, nikavipakia omo. Nikauzungusha mnyororo kwenye nguzo ya gati, nusu mita ikaliwa na nguzo, ikabaki mita moja. Nikapitisha na makasia humo humo, nikafunga kufuli. Nikaenda kuoga, nikaenda msikitini.

Hesabu ya maji naijua tangu utotoni: saa ya kwanza na ya mwisho hupanda kidogo, saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kishindo. Bamvua kubwa huku kwetu ni karibu mita 3, kwa hiyo katika saa hizo mbili peke yake maji hupanda mita moja na nusu. Naijua, lakini kichwani nilikuwa na wezi tu. Mnyororo ulikaza saa saba na kitu, imamu yuko kwenye mimbari. Omo ikazuiwa, maji yakaendelea na safari yao, yakaingia kwa mbele. Madumu ya tezi yakafanya kazi yake kwa uaminifu. Yale ya omo hayakuwepo.

Niliporudi, watoto walikuwa wanagombea vitunguu.

Nikazamia. Kufuli lilikuwa zaidi ya mita 2 chini, maji ya matope, nguzo imejaa chaza. Nikalipapasa, nikatia ufunguo, nikazungusha kwa hasira. Kufuli la chuma lililokula chumvi wiki tatu bila tone la mafuta halifunguki kwa hasira. Nilipanda juu na nusu ya ufunguo. Ng'ambo, tajiri alikuwa ameshika darubini.

Ikabidi kungoja. Maji yakafika kwenye mnyororo saa mbili usiku, nikaazima msumeno wa chuma na nyembe tatu. Mbili zikakatika. Ya tatu ilikuwa imeingia nusu pete ndipo tochi ikanimulika usoni.

"Unafanya nini hapo?" Askari wa doria, mgeni mjini.

"Nakata kufuli langu, afande."

"La kihori cha nani?"

"Changu. Jina limechomwa chini ya kiti, tazama mwenyewe."

Akashuka ngazi taratibu, akainama kwenye matope na sukari, akamulika. Akasoma, akageuka kunitazama, kanzu imeloa, msumeno mkononi.

"Na weye ndiye huyu Mfaransa?"